Vavra Hakosi

Jumatatu, 18 Novemba

Mimi ni mtu wa bahati, na leo naiandika ili ushahidi uwepo. Asubuhi hii Corbin, mtoto wa marehemu kaka yangu Dwight, amenifuata mwenyewe karakanani. Kanikuta nabandika kioo cha lori. Kasema: Ba mdogo, kati ya watu wote wa Nebraska nakutaka wewe usimamie jina langu na sura yangu. Wenzake wana mawakala wenye tai na mikoba. Mimi nina gundi ya vioo kwenye kucha. Kanichagua mimi!

Sikushangaa sana. Nimetembea. Majimbo kumi na manne, na Kanada dakika arobaini, mpaka walipogundua gari halina bima. Chuo nimesoma muhula mzima kasoro wiki tatu. Hapa Dannebrook mtu akitaka kujua dunia inakwendaje huniuliza mimi. Asipouliza namwambia vilevile.

Sasa sheria imelegea. Zamani mchezaji wa chuo akipewa soseji kwa sababu ya jina lake, anafungiwa. Kaka yangu Dwight, enzi zake chuoni hapa, jezi yenye namba yake iliuzwa dukani mpaka watoto wachanga wakavishwa. Yeye hakuona hata senti. Tena akafungiwa mechi mbili kwa kula nyama ya bure hotelini! Kocha wakati huo ana nyumba ziwani na boti mbili. Leo mtoto anaruhusiwa kuuza jina lake kama mkulima anavyouza mahindi yake. Ni haki. Naiamini kwa moyo wote, na katika hili sitanii.

Kuna tatizo moja dogo. Katika timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, Corbin ni mpiga mateke. Wenzake wanakimbizana na kuvunjana mbavu kwa saa tatu nzima. Yeye anaitwa mara moja moja, anaupiga mpira upite kati ya nguzo mbili, anarudi kukaa. Msimu mzima yuko uwanjani kama dakika nne, uso ndani ya kofia ngumu. Hakuna anayemjua.

Watamjua!

Jumanne, 19 Novemba

Nimezunguka mji mzima. Nimechoka kama punda wa maonyesho.

Kwanza nimepiga simu ofisi ya chuo inayoshughulika na mambo haya. Dada mmoja mpole kanieleza: jina ni la mtoto, uso ni wa mtoto, ila jezi, rangi ya njano na ile nembo ya kichwa cha nyati ni mali ya chuo. Nisiviguse. Kauliza kama Corbin mwenyewe amejaza fomu. Nikamwambia kijana ana mitihani. Nikakata simu kwa adabu.

Kwa hiyo picha niliyonayo ni ile ya harusi ya binamu, kavaa shati la kijivu, kashika sahani. Nimeionyesha kwenye duka la mbegu. Mwenye duka kaitazama kwa huruma, kavua kofia, kaniuliza mtoto huyu amepotea tangu lini.

Halafu nikaingia kwa Rodney Pokorny, muuza matairi. Kosa. Pokorny ni mjomba wa Jace, yule mrushaji mpira wa timu, ambaye sura yake imechorwa kwenye ghala la nafaka pale njia panda. Meno yake yana ukubwa wa milango. Pokorny kacheka mpaka kashika mashine ya kujaza upepo. Eti mpiga mateke! Eti Merle, mtoto huyo hata mama yake akikutana naye dukani humwuliza ni wa nyumba gani! Nikamjibu kwamba matairi aliyoniuzia yana upara kuliko yeye. Wateja wakacheka. Tukawa sare.

Lakini njiani nilipita kwa shemeji Arlene, mama yake Corbin, nikaacha kucheka. Anafanya kazi jikoni hospitalini, ananyanyua masufuria mazito kuliko mimi. Alikuwa ameinama kwenye ngazi, mkono kiunoni. Nikamwuliza, kasema ni godoro tu. Ni lilelile la miaka ishirini. Upande wa Dwight lina shimo. Yeye hulala ukingoni kabisa ili asiangukie humo.

Basi nimeshajua kazi ya jina la Vavra ni nini. Godoro. Kubwa, jipya, la kifalme! Kabla ya Krismasi.

Alhamisi, 21 Novemba

Ushindi! Tajiri wangu Hynek, mwenye karakana ya vioo, kakubali. Bango liko barabarani tangu saa nne asubuhi. Uso wa Corbin kutoka harusini (sahani nimeikata), na herufi ndefu kama mimi: VAVRA HAKOSI. Chini yake kwa herufi ndogo: kioo chako kikipasuka, tupigie. Maneno ni yangu. Rangi pia nimepaka mwenyewe.

Hii ni wiki ya mechi na Halvorsen, chuo cha ng'ambo ya mto, Iowa. Wao ni kijani. Kwa hiyo wiki hii hapa Dannebrook hakuna anayekula kitu cha kijani. Arlene katupa mpaka iliki iliyokuwa na maganda. Mchungaji kabadili mto wa kiti chake. Wakati gani mwingine mzuri wa kuweka bango?

Saa nane Corbin kafika kwa baiskeli. Nilidhani amekuja kunishukuru. Uso mweupe kama unga. Kasimama chini ya bango, katazama juu, katazama chini. Kasema taratibu: Ba mdogo, literemshe.

Mimi nikasema, kwa nini, limekaa vizuri, pua imetoka sawasawa!

Kasema wiki ya mechi hakuna anayemtajia mpiga mateke neno kukosa. Hata likiwa na "ha" mbele. Wenzake hata hawakai karibu naye. Wanamwachia benchi lake na ndoo yake ya maji, kama mgonjwa wa surua, na ndivyo anavyotaka. Kasema: Baba alinifundisha kupiga juu ya lile bomba la umwagiliaji pale shambani, miaka saba. Hakusema hata siku moja kwamba sikosi. Alikuwa anaokota mpira, anauweka, anasema "tena." Basi.

Nikamwambia baba yako alikuwa mkulima, hakuwa mtu wa biashara. Nikamwahidi nitaliteremsha Jumapili. Kaitikia kwa kichwa. Huyu mtoto hajui kugomba, na hilo kalirithi kwa Dwight. Kapanda baiskeli. Kwa nyuma alionekana mdogo sana.

Ataniombea dua siku moja.

Jumamosi, 23 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Baridi kali, jua kali. Uwanja wa magari umejaa moshi wa soseji, kila gari lina sufuria ya mchuzi wa maharagwe na nyama, na maandazi ya mdalasini ya kuchovyea. Nimekula kwa watu sita. Wote nimewaambia mpiga mateke ni mtoto wetu. Wawili wakasema, aa, yule wa bangoni! Nilitembea kama bwana harusi.

Sekunde tatu zimebaki. Tuko nyuma kwa pointi mbili, na mpira ukipita kati ya nguzo ni pointi tatu. Corbin akaitwa.

Yadi thelathini na moja. Mpigo wa kawaida! Amepiga kama huo mara mia juu ya bomba la Dwight, wakati wa upepo, wakati wa mvua, na siku ile tuliyotoka kumzika, bado amevaa viatu vya mazishi. Nilisimama juu ya kiti. Na mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimewafundisha watu wa safu yetu kupiga kelele pamoja. Walijua maneno. Safu ya mbele ikapokea, na upande mzima ukapokea. Watu elfu kumi: VAVRA! HAKOSI! VAVRA! HAKOSI!

Niliona kichwa chake kikigeuka. Kidogo tu. Kututafuta.

Mpira uligonga nguzo ya kushoto. Sauti yake ilikuwa kama sufuria iliyoanguka jikoni kwa jirani. Upande wa kijani ukalipuka. Upande wetu nilisikia mtu akitafuna.

Corbin hakuanguka. Hakulia. Alibaki pale pale anatazama majani, mahali mguu wake ulipokuwa. Arlene aliondoka bila kuniaga. Nilibaki mpaka wafagiaji wakaja.

Jumapili, 24 Novemba

Bango limerushiwa mayai. Lakini pia! Watu wa Iowa wamevuka mto na familia zao kuja kupiga picha chini yake. Nimehesabu magari ishirini na tatu kabla ya chakula cha mchana. Bibi mmoja mwenye skafu ya kijani kaniomba nimpige picha. Nikampiga. Kaniambia nina macho mazuri.

Hynek kapiga simu, kapiga kelele, eti literemshe kabla hawajavunja vioo vyetu wenyewe. Nikamwambia atulie. Ijumaa nani alilijua jina la Vavra? Leo kuna asiyelijua? Jina limepanda!

Sikuliteremsha. Corbin hapokei simu. Arlene kasema hajala tangu jana, yuko bwenini, kazima taa. Kasema kwa sauti ya chini, halafu akakata simu.

Nilipeleka andazi la mdalasini bwenini. Niliambiwa niliache mapokezi.

Jumatatu, 25 Novemba

Mungu ni mkubwa. Simu kutoka Corley, Iowa! Bwana Tollefson, mwenye duka la magodoro. Magodoro! Nilikaa chini.

Anataka tangazo la televisheni. Corbin asimame hatua nne kutoka godoro kubwa lililosimamishwa, aupige mpira, akose. Halafu maneno: bei hizi hata Vavra hawezi kuzikosa. Malipo ni godoro, lolote atakalochagua, hata lile la kifalme lenye tabaka saba.

Nilikwenda bwenini, nikamkuta Corbin nje anafungua baiskeli. Kakonda kwa siku mbili. Nikamweleza yote, bila kumwambia godoro ni la nani, maana nilitaka iwe siri mpaka mwisho. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema hapana, Ba mdogo.

Nikamwambia baba yako walimuuza bure, wewe unanunuliwa hadharani, ni haki yako, watu wamekwenda mahakamani kwa ajili ya haki hii! Kasema anajua. Kasema: kama jina ni langu kuuza, basi ni langu kukataa kuuza. Kasema sasa hata akienda kununua maziwa watu wanampa nafasi kwenye foleni, kama mfiwa. Anataka wasahau. Wiki moja tu, kasema, nipe wiki moja wanisahau.

Hakupandisha sauti hata kidogo.

Njiani kurudi nikafikiri. Jina ni lake. Sawa. Lakini mimi nimelivaa miaka hamsini na mitano, kabla yeye hajazaliwa. Merle Vavra. Liko kwenye leseni!

Jumanne, 26 Novemba

Nimekuwa mwigizaji!

Nilimwambia Tollefson kijana ana mitihani, ila Vavra ni Vavra. Kanitazama tumbo, kafikiri, kacheka. Kasema hii ni bora zaidi. Wakanipa fulana nyeupe, mgongoni VAVRA kwa herufi kubwa. Hakuna nyati, hakuna njano. Sheria yote nimeifuata, hata yule dada wa ofisini angenipigia makofi.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Lile godoro ni pana kama ukuta wa kanisa, na mimi nina kipaji. Mara tisa nilijitahidi kukosa, mara tisa nikalipiga katikati. Mpiga picha alianza kutukana. Mara ya kumi niliteleza nikaanguka chali, mpira ukaingia kwenye duka la jirani. Wakasema hiyo hiyo.

Nikaweka sahihi: M. Vavra. Hakuna uongo hata herufi moja.

Tollefson kasema litaonyeshwa Iowa tu. Godoro nimeondoka nalo kwenye gari, chini ya turubai. Tabaka saba! Nililigusa njia nzima kila nikisimama kwenye taa nyekundu.

Alhamisi, 28 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Kwa Arlene. Bata mzinga, viazi, na maharage mabichi yamerudi mezani, maana wiki ya kijani imekwisha. Corbin kaja! Kakaa kiti cha baba yake. Kajaza sahani, mara ya kwanza tangu Jumamosi, kala, kaongeza. Kasema juzi dukani mtoto wa kaunta alimwuliza yeye ni nani. Kasema huku anatabasamu, kama mtu aliyepewa zawadi. Arlene akamwekea viazi vingine bila kuulizwa.

Televisheni ilikuwa inaongea peke yake sebuleni, mechi ya mbali.

Mawimbi ya televisheni hayajui mto. Hilo nililifahamu leo.

Kwanza niliona mgongo. VAVRA, skrini nzima. Halafu nikaanguka chali mbele ya familia yangu. Halafu nikajigeuza nikakonyeza jicho. Kukonyeza nilikuwa nimeongeza mwenyewe, hawakuniomba. Na sauti ikasema kuhusu bei ambazo hata Vavra hawezi kuzikosa.

Corbin kaweka uma chini. Akaulaza sambamba na kisu, kama mgeni. Kasema: nilikuomba wiki moja tu. Akachukua koti.

Nikakimbilia nje, nikavuta turubai, nikaita, shemeji, njoo, njoo uone kwanza kwa nini! Arlene katoka bila koti. Theluji ilikuwa inaanza. Nikamweleza: mgongo wako, tabaka saba, shimo lile halitakusumbua tena.

Kaligusa kwa kidole kimoja. Kasema: Merle, ile nyama ya hotelini ni wewe uliyemtafutia Dwight. Ulikuwa umemwahidi mwenye hoteli kwamba atakuja kula dirishani watu wamwone. Nikasema nilikuwa na miaka kumi na minane! Kasema: walimbana aseme ni nani, akakataa, akafungiwa. Hakukutaja mpaka anakufa. Na hakukukasirikia, sijui kwa nini.

Halafu kasema: na nani alikwambia nataka shimo lile lizibwe?

Kaingia ndani. Corbin alikwisha kushuka barabara, kwa miguu. Baiskeli yake kaiacha ukutani.

Jumamosi, 30 Novemba

Mechi ya mwisho ya nyumbani, na timu ndogo ambayo hakuna anayeichukia. Nilinunua kiti cha juu kabisa, pale wanapokaa wanaosinzia.

Corbin alipoitwa mara ya kwanza sikumtambua. Namba ni yake, mwendo ni wake. Mgongoni imeandikwa KOLAR. Huo ni ukoo wa Arlene, wa kabla hajaolewa. Mtangazaji akasema, anapiga Kolar. Mbele yangu mzee kamwuliza mkewe, Kolar ndiye nani? Mke kasema, mpya labda.

Akapiga, ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ya mbali, yadi arobaini na saba, upepo wa ubavuni, ikapita katikati kama imevutwa kwa kamba. Watu wakashangilia jina lile. Hakuna aliyeimba chochote kabla hajapiga. Nilimwona akirudi benchi lake, peke yake, na ndoo yake. Alikuwa amekaa vizuri. Amenyoosha miguu.

Dwight alivaa jina letu uwanja huu miaka minne. Sasa limebaki kwenye fulana moja tu, nayo iko kwangu, na ina doa la majani.

Pokorny alipanda ngazi zote zile na goti lake bovu. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Kanipa bakuli la mchuzi na andazi, kanipiga bega, kashuka.

Pokorny kunihurumia mimi! Sikuweza kumaliza andazi.

Jumapili, 1 Desemba

Arlene hakulitaka godoro. Nimelishusha hapa karakanani, kati ya vioo, nimelilalia. Kwa kweli ni godoro zuri. Sikupata usingizi hata kidogo. Nilijaribu upande huu, nikajaribu upande ule, hakuna shimo popote.

Nimemwandikia Corbin barua ya msamaha. Kurasa mbili. Nimeipeleka mapokezi bwenini, na baiskeli yake, na mnyororo nimeutia mafuta. Msichana wa mapokezi kasema andazi la wiki iliyopita bado lipo, nitalichukua?

Hynek katoa amri bango lishuke leo. Nimelishusha peke yangu, kwa ngazi, kwenye theluji. Nikaligeuza kuliegemeza ukutani.

Upande wa nyuma ni mweupe. Haujaguswa!

Nimekaa nao uso kwa uso tangu saa tano. Jina la Kolar ni jipya kabisa. Mipigo mitatu, yote imepita. Halina yai, halina nguzo ya kushoto, hakuna mtu anayelichukia hata Iowa. Kijana kajisafishia jina mwenyewe, bila msaada wa mtu, na sasa lipo tu hivi hivi, halina msimamizi! Na KOLAR ni herufi tano, sawa na VAVRA. Hata vipimo sitabadilisha. Hata "HAKOSI" naweza kuinakili ileile kutoka upande wa mbele. Atakapoona limekaa vizuri, hasira itakuwa imemtoka, na Arlene naye labda atapata kiti kizuri cha kuegemea, kama godoro hataki.

Nimeshafungua rangi.

Jambo moja nilirekebishe wakati brashi inalowana, maana hiki kitabu hakisomwi na mtu. Yale niliyoandika Jumatatu ile ya kwanza si kweli. Corbin hakuja karakanani. Hakunichagua. Mimi ndiye niliyemfuata bwenini, mara tatu. Mara mbili alisema hapana. Mara ya tatu hakufungua mlango.